CHURA WA KIHANSI ANA THAMANI GANI?

(Na mwanafunzi wa Kidato cha Sita)



Mara nyingi katika kurasa hizi za Kiswahili tumesoma habari za miti: faida za miti, jinsi ya kupanda miti, na hasara ya kukata miti ovyo. Makala hizo ni njema. Lakini karibu zote husimama juu ya sababu moja, nayo ni kwamba miti yatufaa sisi. Hutupa kuni, mbao, matunda na kivuli. Mimi nataka kuuliza swali linalotangulia hilo. Je, mti una thamani kwa sababu tu unatufaa, au una thamani yake hata kama haumfai mtu ye yote? Na mnyama je? Na mto? Na chura?

Wanafalsafa wamelijadili swali hili kwa muda mrefu, na hasa tangu miaka ya 1970. Nimesoma kiasi nilichoweza, nami nitajaribu kueleza mawazo yao kwa Kiswahili chepesi. Ili tusipotee katika maneno matupu, nitayapima mawazo yote kwa kipimo kimoja, yaani habari ya kweli ya chura mdogo wa nchi jirani ya Tanzania. Mwalimu wa hesabu hutufundisha kujaribu jibu letu kwa kulirudisha katika swali. Basi na tufanye vivyo hivyo.

HABARI YA CHURA

Kusini mwa Tanzania kuna milima iitwayo Udzungwa. Humo hupita mto Kihansi, ambao huteremka kwa ghafula katika korongo, zaidi ya mita 800 kutoka juu hata chini. Zamani maji yalipoanguka yalipasuka juu ya miamba yakawa manyunyu, na manyunyu hayo yalilowesha majani ya korongo usiku na mchana, masika na kiangazi. Mwaka 1996 wataalamu waliokuwa wakichunguza korongo hilo walimkuta chura ambaye hakuwa ameandikwa katika kitabu cho chote. Ni mdogo, hafikii urefu wa sentimita 3, na rangi yake ni ya manjano. Hatagi mayai majini kama vyura wengi, bali huzaa watoto walio hai, kila mmoja kama punje ya mchele. Makao yake yote duniani yalikuwa hekta 2 hivi, yaani kama viwanja vitatu vya mpira. Nje ya hapo hakuonekana po pote.

Lakini alipogunduliwa, kazi ya kujenga bwawa juu ya maporomoko ilikuwa imekwisha kuanza. Tanzania ilikuwa na upungufu mkubwa wa umeme, na mitambo ya Kihansi ilikusudiwa kutoa megawati 180. Mwaka 2000 maji yalikuwa yakipita katika handaki kwenda kwenye mitambo, na korongo likanyimwa karibu sehemu tisa katika kumi za maji yake. Manyunyu yakakauka.

Mambo mengi yalifanywa ili kumwokoa. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura karibu 500 walichukuliwa kwa ndege wakapelekwa Marekani, wakatunzwa katika bustani za wanyama. Korongoni yalitandikwa mabomba ya kunyunyiza maji, ili yafanye kazi iliyokuwa ikifanywa na maporomoko. Kwa muda ilionekana kama dawa imekubali. Katikati ya mwaka 2003 vyura wa korongo walikadiriwa kuwa karibu 20,000. Kisha wakafa kwa miezi michache tu. Ugonjwa wa kuvu unaoua vyura katika nchi nyingi ulipatikana kwao, lakini wataalamu bado wanabishana kama ni ugonjwa huo peke yake uliowamaliza. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura huyu ametoweka porini, na waliobaki ni wale wa vizimbani tu. Mwaka 2010 baadhi yao walirudishwa Dar es Salaam, katika Chuo Kikuu, na tangu mwaka 2012 wengine wameanza kurudishwa korongoni.

Basi, watu walikuwa na haki ya kuuliza: fedha zote hizo, na sehemu yake ni mkopo kutoka Benki ya Dunia, zinatumika kwa ajili ya chura? Mgonjwa yuko hospitali gizani, nanyi mwanyunyizia vyura maji? Swali hili si la mzaha, wala anayeliuliza si mjinga. Na tuone wanafalsafa wangemjibu nini.

THAMANI YA CHOMBO NA THAMANI YA NAFSI

Kwanza yafaa tutenge maneno mawili. Jembe lina thamani kwa sababu ya kazi yake. Likivunjika na lisiweze kutengenezwa, twalitupa na kununua jingine, na hakuna anayelililia. Hiyo naiita thamani ya chombo. Lakini mama yako akiugua asiweze tena kulima wala kupika, husemi kwamba thamani yake imekwisha. Yeye ana thamani ya nafsi yake. Ubishi wote nitakaoeleza ni huu: katika vitu vyote vya ulimwengu, ni vipi vilivyo na thamani ya nafsi, na ni vipi vilivyo vyombo tu?

WANAOSEMA: BINADAMU PEKE YAKE

Jibu la kale ni kwamba binadamu peke yake ana thamani ya nafsi. Aristotle wa Uyunani, zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba mimea ipo kwa ajili ya wanyama, na wanyama wapo kwa ajili ya watu. Immanuel Kant wa Ujerumani, aliyeishi mwaka 1724 hata 1804, alifikiri kwamba mwenye akili ya kuchagua mema na mabaya ndiye tu anayeweza kudaiwa na kudai haki. Mnyama hana akili hiyo. Hata hivyo Kant hakuruhusu ukatili. Alisema kwamba mtu anayewatesa wanyama huufanya moyo wake kuwa mgumu, na mwisho atawatesa watu. Kwa hiyo tuwatendee wanyama mema, si kwa ajili yao, bali kwa ajili yetu.

Mawazo haya tusiyadharau. Kwa sababu hiyo hiyo ya binadamu twaweza kulinda mengi: maji, udongo, samaki wa ziwani, na misitu ya watoto wetu watakaozaliwa. Lakini tumpime kwa chura. Chura wa Kihansi haliwi, havuti jembe, wala kabla ya mwaka 1996 hakuwa akijulikana katika elimu ya ulimwengu. Mtu akisema, “Labda siku moja atatoa dawa,” hiyo ni labda tu, nayo labda haiwezi kushindana na megawati 180. Kwa kipimo hiki, asipopatikana wa kumhitaji, chura anashindwa kesi kabla hajaingia mahakamani.

Mwaka 1973 mwanafalsafa mmoja aliyezaliwa New Zealand, Richard Routley, alitoa mfano ulioitikisa fikira hii. Tuseme watu wote wa dunia wamekufa, akabaki mtu mmoja, naye anajua atakufa kesho. Akiwa na uwezo, anaamua kuua kila mnyama na kuchoma kila msitu uliobaki, kwa kupenda kwake tu. Hakuna mtu atakayepata hasara, kwa maana hakuna mtu. Je, amefanya vibaya? Niliwauliza wenzangu wengi wa bwenini swali hili, nao karibu wote walijibu upesi kwamba amefanya vibaya sana. Lakini kama binadamu peke yake ndiye mwenye thamani, ubaya wake ni upi? Routley alisema kwamba mioyo yetu inajua jambo ambalo mafundisho yetu ya kale hayakulisema.

WANAOSEMA: KILA AONAYE MAUMIVU

Jibu la pili lilitoka kwa Mwingereza Jeremy Bentham, katika kitabu kilichotoka mwaka 1789. Kwake yeye, haifai kuuliza kama mnyama anaweza kufikiri au kusema. La kuulizwa ni kama anaweza kuona maumivu. Nasi Waafrika yatupasa kukumbuka ya kwamba aliandika hayo wakati Waingereza walipokuwa wakiwauza babu zetu kama bidhaa, naye alizitaja dhuluma hizo mbili pamoja. Kama rangi ya ngozi si sababu ya kumtesa mtu, alisema, basi na idadi ya miguu au manyoya si sababu ya kumtesa mnyama. Karibu miaka 200 baadaye Peter Singer wa Australia aliyafufua mawazo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1975, na wengi walioacha kula nyama katika nchi za Ulaya na Marekani wamevutwa na maneno yake.

Chura ana ubongo na mishipa ya fahamu. Kwa hiyo kipimo hiki kinampa nafasi. Lakini angalieni: kinampa nafasi kama mmoja tu. Maumivu ya chura wa Kihansi si makubwa kuliko maumivu ya chura wa kawaida wa shimoni kwenu. Kuwa wa mwisho wa jamii yake hakumwongezei kitu. Tena mti hauna maumivu, wala mto hauna. Kama wale wote wangekufa usingizini bila uchungu, wafuasi wa Bentham wangekuwa na machache ya kulalamikia. Hapo nami naona kuna kitu kinachopungua.

WANAOSEMA: KILA CHENYE UHAI

Jibu la tatu lilizaliwa hapa hapa Afrika, ingawa si kwa Mwafrika. Albert Schweitzer alikuwa mwanafalsafa, mpiga kinanda na daktari, aliyejenga hospitali Lambaréné katika nchi ya Gabon mwaka 1913. Mwezi wa Septemba, mwaka 1915, alikuwa akisafiri katika mto Ogooué kwa chombo cha mvuke. Kwa siku kadhaa alikuwa akitafuta msingi wa maadili asiupate. Jua lilipokuwa likitua, chombo kikipita katikati ya viboko, yalimjia maneno aliyoyatafuta: heshima kwa uhai. Mimi ni uhai unaotaka kuishi, nami nimezungukwa na uhai mwingine unaotaka kuishi. Jema ni kuulinda na kuukuza. Ovu ni kuuharibu.

Je, tusile? Schweitzer hakusema hivyo. Alitoa mfano wa mkulima anayefyeka maua elfu moja ili kulisha ng’ombe wake. Huyo hana kosa. Lakini akirudi nyumbani asilikate hata ua moja kando ya njia kwa kujichezea tu. Tofauti ni hii: la kwanza lilikuwa la lazima, la pili halikuwa. Mwaka 1986 Mmarekani Paul Taylor aliyapanga mawazo ya namna hii kwa utaratibu zaidi. Alisema kila chenye uhai, hata jani, kina wema wake chenyewe, yaani yako mambo yanayokifaa na yanayokidhuru, yawe yanatuhusu au hayatuhusu.

Kipimo hiki kingeiuliza serikali ya Tanzania, “Je, ilikuwa lazima?” Hilo ni swali zuri, na nitalirudia. Lakini kuna neno moja la kumkumbuka Schweitzer bila kumsifu mno. Mtu huyu aliyeheshimu uhai wa mdudu alipata kuandika kwamba yeye ni ndugu wa Mwafrika, ila ni ndugu mkubwa. Basi tujifunze hapo kwamba mtu aweza kuwaheshimu viboko na huku akawapunguzia heshima majirani zake.

WANAOSEMA: NCHI NZIMA

Jibu la nne ni la Aldo Leopold wa Marekani, aliyekuwa bwana misitu. Alipokuwa kijana yeye na wenzake waliwapiga risasi mbwa-mwitu kila walipowaona, wakidhani kwamba mbwa-mwitu wakipungua swala wataongezeka na wawindaji watafurahi. Siku moja alimfikia mbwa-mwitu jike aliyepigwa risasi akamwona akikata roho, na jambo hilo halikumtoka. Baadaye aliona milima ambayo mbwa-mwitu wamekwisha: swala walizidi, wakala kila kichaka na kila mche, kisha wao wenyewe wakafa kwa njaa. Leopold alifariki mwaka 1948 akisaidia kuzima moto kwenye shamba la jirani, na kitabu chake kikatoka mwaka 1949. Humo alifundisha kwamba udongo, maji, mimea, wanyama na watu ni jumuiya moja, na mtu ni mwananchi wa kawaida katika jumuiya hiyo, si mfalme wake. Tendo ni jema likiisaidia jumuiya hiyo kudumu nzima na imara na yenye uzuri, na ni baya likienda kinyume.

Hapa ndipo chura wetu anapopata wakili. Kwa Leopold kinachohesabiwa si chura mmoja mmoja tu, bali jamii ya vyura, na korongo, na manyunyu, na majani yaliyoota humo tu. Hekta 2 zile zilikuwa kama kitabu ambacho nakala yake ilikuwa moja tu duniani.

Lakini jibu hili nalo lina hatari yake. Mmarekani mwenzake, Tom Regan, aliuliza mwaka 1983: kama nchi nzima ndiyo yenye thamani kuu, na watu wamezidi, je, tutawatoa watu kafara kwa ajili ya nchi? Jibu la haraka ni “Hapana.” Lakini sisi wa Uganda tunao mfano ulio karibu. Mwaka 1991 misitu ya Bwindi na Mgahinga ilifanywa kuwa hifadhi za taifa ili kuwalinda sokwe wa milimani. Kazi hiyo imefanikiwa. Sokwe hao, ambao watu walihofu kwamba watakwisha, sasa katika Uganda, Rwanda na Kongo wamepita 1,000, na watalii huja kutoka pembe zote za dunia kuwatazama. Lakini Batwa, walioishi katika misitu hiyo tangu zamani, walitolewa, na wengi wakabaki bila ardhi, wakifanya vibarua katika mashamba ya wengine. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya nchi yetu ilikubali kwamba haki zao zilivunjwa. Miaka 30 ilikuwa imepita.

Mhindi Ramachandra Guha aliliona jambo hili mapema. Mwaka 1989 aliandika kwamba mafundisho ya Wamarekani ya kulinda pori lisiguswe, yakiletwa katika nchi zenye watu wengi na maskini, huwanyang’anya maskini na kuwapa matajiri mahali pa kutembelea. Naona maneno yake yanafaa kubandikwa penye lango la kila hifadhi.

NA WAZEE WETU JE?

Wengine watasema kwamba haya yote ni mambo ya Wazungu. Si kweli. Katika Buganda kila ukoo una mzio wake. Mtu wa ukoo wa Nsenene hali nsenene, hata majirani wote wanapokaanga panzi hao na harufu imejaa mtaa mzima. Hali kwa sababu kuna udugu. Pwani ya Kenya Wamijikenda wamezilinda kaya zao, misitu mitakatifu ambayo hukatwi mti ovyo, na mwaka 2008 kaya hizo ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mama Wangari Maathai, aliyeanzisha kazi ya kupanda miti Kenya mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alieleza kwamba mama yake alimkataza kuokota kuni za mkuyu, kwa maana ule ulikuwa mti wa Mungu. Alipokua na kusoma elimu ya viumbe, alifahamu kwamba mizizi ya miti ile ilishika udongo wa milima na kutunza chemchemi.

Mwanafalsafa wa Zimbabwe, Munyaradzi Felix Murove, ameyaeleza mawazo ya namna hii kwa neno la Kishona, ukama, maana yake undugu. Kwake yeye mtu ni mtu kwa udugu wake na walio hai, na waliokufa, na watakaozaliwa, na pia na viumbe wengine. Mimi napenda jibu hili kwa sababu halianzi kwa kumtenga mtu na pori, kisha likahangaika kuwapatanisha. Lakini nalo tulipime kwa haki. Mzio humlinda nsenene kwa mtu wa ukoo wake tu. Wengine wote wanakula. Na yule chura wa korongoni, asiye mzio wa mtu, nani atasema ni ndugu yake? Udugu wa zamani yatupasa tuupanue, tusiusifu tu.

Nasi tulio katika shule ya misheni hatuwezi kuruka Maandiko. Mwaka 1967 mwanahistoria Lynn White wa Marekani aliwashitaki Wakristo, akisema kwamba wameifundisha dunia kuvitawala viumbe bila huruma, kwa sababu ya neno la kutawala lililo katika sura ya kwanza ya Mwanzo. Lakini sura ya pili inasema kwamba mtu aliwekwa katika bustani ailime na kuitunza. Na White mwenyewe alimpendekeza Mtakatifu Fransisko wa Asizi awe msimamizi wa wanaotunza viumbe. Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015, alikataa kabisa kwamba kutawala ni ruhusa ya kuharibu, na alisema kilio cha dunia na kilio cha maskini vinasikilizwa pamoja. Mtawala mwema katika Biblia ni mchungaji, naye mchungaji hahesabu kondoo kwa manyoya yao tu.

MAONI YANGU

Sasa nimeeleza ya wengine. Niruhusuni niseme yangu, katika mambo matatu.

La kwanza: naamini kwamba vitu vya asili vina thamani ya nafsi. Mfano wa mtu wa mwisho umenishinda. Sijapata jibu la kuupinga. Wala si mimi peke yangu. Bunge la Uganda lilipitisha Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019, ambayo inasema kwamba viumbe vya asili vina haki ya kuwapo na kuendelea. Huko New Zealand, mwaka 2017, mto Whanganui ulipewa na sheria haki kama za mtu, kwa kuwa Wamaori wauhesabu kuwa mhenga wao.

La pili: kuwa na thamani si kuwa na thamani sawa. Kati ya mtoto mgonjwa na chura, namchagua mtoto, wala sitaomba msamaha. Lakini aghalabu hatuchagui kati ya mtoto na chura. Twachagua kati ya chura na haraka yetu. Tanzania ilihitaji umeme kweli; sehemu kubwa ya umeme wa nchi ilitoka Kihansi. Kosa lilikuwa kwamba korongo halikuchunguzwa vya kutosha kabla bwawa halijaanza kujengwa. Mtu aliyekwisha kumwaga saruji hasikilizi tena vizuri. Kama wangejua mapema, huenda wangeacha maji kidogo zaidi yapite, nao wangepata umeme na chura akapata manyunyu yake.

La tatu, nalo kwangu ndilo kubwa: anayesema kwamba kitu fulani kina thamani, na aseme pia nani atalipa gharama. Ni rahisi kumpenda sokwe kwa shamba la Mtwa. Ni rahisi kumpenda tembo ukiwa mji wa mbali, wakati mahindi yanayoliwa si yako. Septemba 1961, Tanganyika ilipokuwa ikikaribia Uhuru wake, Mwalimu Nyerere alitangaza huko Arusha kwamba wanyama wa pori ni amana, si kwa ajili ya mali tu, bali pia kwa sababu wanatustaajabisha; na papo hapo akasema kwamba kazi hiyo inahitaji wataalamu na fedha, nayo mataifa mengine yasaidie. Naona hiyo ni hekima. Kama chura ni hazina ya dunia, basi dunia ifungue mfuko, isimwachie mkulima wa Udzungwa peke yake.

Wapenzi wanafunzi, jambo hili lipo hata hapa shuleni. Posho yetu hupikwa kwa kuni kila siku. Nani amewahi kuuliza zinatoka msitu gani, na ni nani anayeishi karibu na msitu huo? Naleta shauri kwamba chama chetu cha kilimo kipande mikalitusi ya kuni katika eneo letu lililo wazi nyuma ya uwanja, ili mzigo wa jiko letu tuubebe sisi wenyewe.

Na ninyi ndugu zetu mliotutangulia, mlio wahandisi, wapimaji, mahakimu na wakuu wa ofisi: siku mtakapoletewa ramani ya barabara au bwawa mtie sahihi, ulizeni kwanza mahali hapo pana nani, wa miguu miwili na wa miguu minne, na kama wameulizwa au wamechunguzwa kabla kazi haijaanza. Saa moja ya kuuliza ni nafuu kuliko miaka mingi ya kunyunyiza maji kwa bomba.

Atakayeona nimekosea katika hoja hizi, namwomba aandike katika toleo lijalo. Nitafurahi kusoma.